Todd Matshikiza: mpiga piano aliyeandika habari za jazi katika jarida la Drum

#1 Mleta uzi

Ndugu wanajukwaa, kila unapofunguliwa uzi kuhusu jazi ya Afrika Kusini, mjadala huishia kwa Miriam Makeba, Hugh Masekela na Abdullah Ibrahim. Hao wanastahili sifa zao. Leo naomba tumjadili Todd Matshikiza, ambaye alianza kuandika habari za muziki katika jarida la Drum mwaka 1952, kwa sababu naamini kwamba mengi tunayoyajua kuhusu wanamuziki waliowatangulia hao watatu yametufikia kwa mkono wake, na kwamba yeye mwenyewe hatajwi inavyostahili.

Alizaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1920 huko Queenstown, mji mdogo wa Rasi ya Mashariki, katika nyumba ambayo baba alipiga kinanda kanisani na mama alikuwa mwimbaji. Queenstown ya wakati huo ilikuwa na sifa ambayo mgeni asingeitarajia: wenyeji waliupa mji wao jina la utani la mji mdogo wa jazi, kutokana na wingi wa wapiga kinanda na bendi zilizokuwa zikitumbuiza hapo, na kaka yake Todd, Meekly, alikuwa mmoja wa wapigaji waliosifika. Kijana huyo alilelewa kati ya muziki wa aina mbili. Jumapili aliisikia kwaya ya kanisa na nyimbo zilizoandikwa kwa nota za solfa, na usiku wa kuamkia Jumapili aliisikia marabi, ule muziki wa kinanda wenye mzunguko mfupi unaorudiwa hadi alfajiri, uliopigwa katika vyumba ambamo pombe iliuzwa kwa kificho kwa sababu sheria ilimkataza Mwafrika kununua pombe ya dukani. Watu wenye heshima zao hawakutaka watoto wao wauone muziki huo kwa karibu. Todd aliuona, na baadaye akauandika bila kuuonea haya.

Alisoma St Peter's ya Rosettenville, Johannesburg, kisha chuo cha Adams kule Natal, na akapata mafunzo ya ualimu Lovedale, ambako alifundisha kwa miaka kadhaa. Mwaka 1947 alihamia Johannesburg. Huko alifundisha, alianzisha shule yake ya muziki, alipiga piano na bendi ya Harlem Swingsters, alifanya kazi pia na Manhattan Brothers, na kwa muda aliuza nyembe ili apate riziki. Nawaomba msiipite habari ya nyembe haraka haraka. Mtu aliyesoma kiasi hicho, mtunzi wa nyimbo za kwaya na mpigaji wa bendi mashuhuri, hakuwa na mahali ambapo nchi ile ingemlipa kwa ujuzi wake.

Mahali palipopatikana ni Drum. Jarida hilo lilianza mwaka 1951 kule Cape Town likiwa na mwelekeo wa kumwonyesha Mwafrika wa kijijini, ngoma na machifu, na wasomaji wa mjini wakalipuuza. Mmiliki wake, Jim Bailey, alilihamishia Johannesburg na kumkabidhi uhariri Anthony Sampson, kijana Mwingereza ambaye hakuwa na uzoefu wa magazeti lakini alijua kusikiliza. Henry Nxumalo ndiye aliyekuwa nguzo ya chumba cha habari, na mwezi Machi 1952 ripoti yake kuhusu mateso ya wafanyakazi katika mashamba ya viazi ya Bethal ililifanya Drum liogopwe na liaminiwe. Wakafuata waandishi Can Themba, Arthur Maimane, Bloke Modisane, Es'kia Mphahlele, Casey Motsisi na Lewis Nkosi. Todd aliingia mapema katika kundi hilo, akapewa muziki.

Kiingereza alichokiandika hakikufanana na Kiingereza cha shule za misheni alizosoma. Wenzake walikipa jina, wakakiita Matshikese. Sampson alieleza baadaye kwamba Todd alikaa mbele ya taipureta kama vile yuko mbele ya piano, na kwamba sentensi zake zilikuwa na mapigo. Alikatiza sentensi pale ambapo mpigaji angeacha nafasi ya ukimya, akarudia neno kama mtu anayerudi kwenye kiitikio, akavunja maneno na kuyaunga upya, na kumtambulisha mwimbaji kwa mwendo wake, viatu vyake na namna anavyoshika kipaza sauti kabla hata ya kutaja wimbo. Kwa wasomaji wa Sophiatown na Orlando, vitongoji vya Waafrika vya Johannesburg, hayo yalikuwa mazungumzo yao wenyewe yaliyowekwa kwenye karatasi. Kwa maoni yangu, hapo ndipo uandishi wa jazi katika bara hili ulipopata sauti yake ya kwanza isiyoazimwa, maana wahakiki wengi wa wakati ule waliiga lugha ya majarida ya Marekani na kumpima kila mpiga saksafoni wa Johannesburg kwa kipimo cha New York.

Kazi yake kubwa kuliko zote, kwangu mimi, ni makala alizochapisha katika Drum mwaka 1957 kuhusu historia ya jazi Johannesburg. Humo alirudi nyuma hadi siku za Queenstown na kumweleza Boet Gashe, mpiga kinanda wa kuzurura aliyewakesha watu wakicheza, kwa namna ambayo msomaji anasikia joto la chumba na vumbi la sakafu. Marabi ya miaka ya 1920 karibu haikurekodiwa kabisa. Kampuni za santuri zilikuwa bado hazijaona biashara ndani yake, na wapigaji wenyewe walifariki bila kuacha hata wimbo mmoja wenye majina yao. Kwa hiyo mtafiti anayetaka kujua ilivyopigwa, nani aliipiga na watu waliichezaje, hana budi kuanzia kwa masimulizi ya wazee na makala za Todd. Katika makala hizo hizo alieleza jinsi yeye na wenzake wa Harlem Swingsters walivyochoka kuiga mtindo wa Kimarekani na kuanza kuyaingiza mapigo ya kwao katika bendi kubwa, kwa shauku ya kuirudisha ile marabi ya piano ambayo ragitaimu na swingi, mitindo ya jazi kutoka Marekani, zilikuwa zimeisukuma pembeni. Habari hii imeandikwa na mtu aliyekuwa jukwaani. Mwandishi wa habari wa kawaida angesikia tu kwamba bendi imebadilisha mtindo, lakini yeye alijua nani alianza, nani alifuata, na kwa nini.

Nitasimama hapa kwa sasa. Sehemu ya King Kong, ule mchezo wa jukwaani alioutungia muziki, na ya maisha yake London na Zambia nitaileta baada ya kusoma michango yenu.

#2 Mchangiaji

Ndugu mleta uzi, shukrani kwa andiko lililotulia. Nina shaka moja. Umemwita mwandishi wa jazi, lakini huyu alikuwa mpigaji na rafiki wa wale aliowaandika. Mwandishi anayempigia piano mwimbaji usiku, halafu asubuhi anamsifu gazetini, tunamwaminije? Kwetu tumeona watangazaji ambao ni mameneja wa wanamuziki kwa siri, na matokeo yake tunayajua.

#3 Mleta uzi

Mkuu, hoja yako ni ya haki. Ila tuitazame Johannesburg ya miaka ya 1950 ilivyokuwa. Mwanamuziki Mwafrika alihitaji kibali cha kutembea usiku ili tu arudi nyumbani baada ya onyesho, na polisi akimkuta bila kipande, alilala mahabusu hata kama saa moja iliyopita alikuwa akishangiliwa na ukumbi mzima. Mwandishi asiyekuwa wa duara lile angekaa wapi kusikiliza muziki huo? Kumbi za wazungu hazikumruhusu aingie kama mteja, na vilabu vya kificho havikumfungulia mlango mtu asiyejulikana. Ukaribu ndio uliokuwa njia pekee ya kuingia.

Zaidi ya hayo, Todd hakujificha. Msomaji alijua kwamba huyu ni mpiga piano, kwa sababu aliandika akitumia nafsi ya kwanza, akajitaja yupo kwenye bendi, akajicheka. Mtangazaji uliyemsema anaficha maslahi yake. Tofauti hiyo kwangu ni kubwa. Nakubali hata hivyo kwamba anayemsoma Todd akitafuta ukali wa mhakiki atarudi mikono mitupu, maana alipenda zaidi kueleza kuliko kuhukumu, na mara nyingine wema wake ulizidi.

#4 Mchangiaji

Mimi nataka kuligusa Drum lenyewe, kwa sababu naona tunalipamba. Jim Bailey alikuwa mtoto wa Sir Abe Bailey, tajiri wa migodi. Wahariri walioshika usukani miaka hiyo, Sampson, kisha Sylvester Stein, kisha Tom Hopkinson, wote walikuwa wazungu. Kurasa zilijaa majambazi, mabondia na warembo. Muziki ulipewa nafasi kwa sababu uliuza nakala. Je, si kweli kwamba Todd na wenzake walitumika kulifanya gereza lionekane kama ukumbi wa dansi?

#5 Mleta uzi

Sehemu kubwa ya maelezo yako ni kweli, na sitaipinga. Mgawanyo wa madaraka ndani ya ofisi ulifuata rangi, na mshahara pia haukuwa wa kujivunia. Lakini sikubaliani na hitimisho. Soma toleo lolote la miaka ile na utaona ripoti ya jela au ya mashamba inakaa kurasa chache tu kutoka kwenye picha ya mwimbaji. Nxumalo aliyejipenyeza Bethal aliuawa usiku wa kuamkia mwaka 1957 akiwa bado kazini, na ndiye huyo huyo aliyekuwa rafiki wa Todd. Serikali ilikuwa ikidai kwamba Mwafrika ni mtu wa kijijini aliyekuja mjini kwa muda tu, na kwamba mwisho wa safari atarudi kwenye kabila lake. Mtu anayethibitisha kwa majina, miaka na mitaa kwamba Waafrika wamekuwa na muziki wa mjini kwa vizazi viwili tayari anaipinga hoja hiyo kwenye mzizi wake, hata kama makala yake haina neno moja la siasa.

Tena tazama wakati wenyewe. Tarehe 9 Februari 1955 ndipo malori ya kwanza yalipoanza kuwahamisha watu wa Sophiatown kwa nguvu kwenda Meadowlands, na mtaa ukabomolewa nyumba kwa nyumba hadi mahali pake pakajengwa kitongoji cha wazungu kilichoitwa Triomf. Mwaka 1956, wakati ubomoaji huo ukiendelea, jiji la Johannesburg lilikuwa likisherehekea miaka 70 tangu kuanzishwa, na Todd akaombwa kutunga kazi kubwa ya kwaya na ala kwa ajili ya tamasha. Aliipa jina la Uxolo, yaani amani. Sijui kama waliomwagiza kazi walitafakari waliomba nini kwa nani.

#6 Mchangiaji

Naomba kuongeza kiungo kinachotuhusu sisi watu wa kusini mwa Tanzania. Mwaka 1953 Todd alitunga wimbo wa kwaya uitwao Makhaliphile, na jina hilo ni lile ambalo watu wa Sophiatown walimpa Padri Trevor Huddleston, wakimaanisha asiyeogopa. Huddleston ndiye aliyepigania mtaa ule usibomolewe, na ndiye aliyemtafutia Hugh Masekela tarumbeta yake ya kwanza akiwa mwanafunzi wa St Peter's, shule ile ile aliyosoma Todd. Shirika lake la kitawa lilipomwondoa Afrika Kusini, baada ya miaka michache alikuja kwetu akawa Askofu wa Masasi, kuanzia 1960 hadi 1968. Nimekulia karibu na kanisa ambalo wazee wake walimfahamu askofu huyo, lakini hakuna aliyewahi kutuambia kwamba alikuwa ameshatungiwa wimbo na mpiga piano wa jazi.

#7 Mleta uzi

Ahsante sana, ndugu yangu. Umeniwahi, maana nilikuwa nimeiweka habari hiyo kwa ajili ya sehemu ya pili. Na kiungo kingine ni kwamba Drum lilikuwa pia na toleo la Afrika Mashariki, kwa hiyo jarida hilo halikuwa geni kwa wasomaji wa Nairobi na Dar es Salaam.

Sasa King Kong. Mchezo huu wa muziki ulifunguliwa tarehe 2 Februari 1959 katika ukumbi mkuu wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand. Unasimulia maisha ya Ezekiel Dlamini, bondia wa uzito wa juu aliyejulikana kwa jina hilo, ambaye alimuua mpenzi wake, akafungwa, na akafa maji mwaka 1957 akiwa mfungwa. Harry Bloom aliandika tamthilia, Pat Williams akaandika mashairi, na Todd akatunga muziki pamoja na kuchangia mashairi. Nathan Mdledle wa Manhattan Brothers aliigiza bondia, Miriam Makeba akawa Joyce, mwenye kilabu cha pombe. Katika bendi walikuwamo Kippie Moeketsi, Hugh Masekela na Jonas Gwangwa. Watazamaji weusi na weupe walijaza ukumbi, jambo ambalo sheria ilizidi kulibana kila mwaka.

Kila mahali mnaposoma habari za King Kong mtakuta furaha tu. Msomeni Todd mwenyewe katika kitabu chake cha kumbukumbu cha mwaka 1961, Chocolates for My Wife, na furaha hiyo itapungua. Waliokuwa wakiongoza maandalizi, kuanzia mwongozaji hadi mpanga muziki, walikuwa wazungu wenye nia njema, na nyimbo zake zilipitia mikononi mwao zikapangwa upya hadi mwenyewe akaziona zinamponyoka. Anasimulia ndoto iliyokuwa ikimjia usiku: amelala shimoni, na juu yake wamesimama watu weupe wenye mirija ya chuma wakimfyonza ubongo. Mwanahabari aliyezoea kuwaandika wenzake kwa upendo alipofika kwenye habari yake mwenyewe, aliandika hivyo. Ni ukurasa mkali kuliko yote niliyosoma kutoka kwake, na ndiyo maana sikubaliani na wanaomwita mwandishi wa kuchekesha.

Mwaka 1960 ulikuwa wa mauaji ya Sharpeville, tarehe 21 Machi, na hali ya hatari iliyofuata ilizima maonyesho na mikusanyiko. Todd, mkewe Esme na watoto wao waliondoka mwaka huo kwenda London. King Kong ilifika huko mwezi Februari 1961 katika ukumbi wa Prince's, na wasanii kadhaa wakabaki Uingereza moja kwa moja. Yeye aliendelea kulitumia Drum safu yenye kichwa cha Todd in London, akawaeleza wasomaji wa Johannesburg jinsi jiji hilo linavyoonekana kwa macho ya mtu wao. Kitabu chake kinaruka kati ya miji hiyo miwili bila onyo, aya moja uko kwenye basi la London, inayofuata uko mbele ya polisi wa Johannesburg, na nadhani muundo huo ameutoa kwenye muziki. Serikali ya Makaburu ilikipiga marufuku.

Lakini London haikuwa na haja kubwa naye. Mpiga piano mzuri alikuwa mmoja kati ya wengi, na mwandishi wa jazi aliyejua jazi ya Orlando hakuwa na mhariri wa kumpa kurasa. Mwaka 1964, Zambia ilipopata uhuru, alihamia Lusaka na kuingia katika utangazaji wa redio, na baadaye akaajiriwa na idara ya habari ya Zambia kukusanya na kuhifadhi muziki wa nchi hiyo. Mwaka 1966 serikali ya Afrika Kusini ilipiga marufuku maandishi ya kundi kubwa la waandishi waliokuwa uhamishoni, yeye akiwamo, hivi kwamba nyumbani hata kumnukuu likawa kosa. Alifariki Lusaka mwaka 1968, kabla hajafikisha miaka 50.

#8 Mchangiaji

Swali fupi, mzee wangu. Hiyo kazi ya Zambia si ilikuwa kushuka daraja? Mtunzi wa King Kong anaishia kuwa mtunza kanda za redio?

#9 Mleta uzi

Wapo wanaoona hivyo, na Todd mwenyewe bila shaka alitamani kutunga zaidi ya alivyoweza. Mimi naona ni kazi ile ile aliyoianza katika makala za 1957. Alijua kwa uzoefu wake kwamba kizazi kizima cha wapigaji wa marabi kilipotea kwa sababu hakuna aliyekwenda kwao na mashine ya kurekodi wakiwa hai. Johannesburg hakuwa na mashine hiyo, alikuwa na taipureta. Lusaka akapewa mashine, na serikali ikamlipa aende akarekodi.

#10 Mchangiaji

Mleta uzi, kwa sisi tunaotaka kumsoma, tuanzie wapi? Na je, familia yake iliendelea na kalamu?

#11 Mleta uzi

Iliendelea. Mwanawe John, aliyezaliwa mwaka 1954 na kukulia uhamishoni, alikuwa mwigizaji na mwanasafu, na aliporudi Afrika Kusini aliandika katika gazeti la Mail & Guardian. Mwaka 2000 kilitolewa kitabu With the Lid Off, ambacho kinaziweka pamoja safu za baba na za mwana, na jina lake ni lile la safu ya Todd katika Drum. Anzeni na hicho, kwa sababu vipande vyake ni vifupi na Matshikese inaonekana wazi tangu ukurasa wa kwanza. Kisha nendeni kwenye Chocolates for My Wife. John alifariki mwaka 2008.

Kwa upande wa muziki, zipo santuri za King Kong ya Johannesburg ya 1959 na ya London ya 1961. Sikilizeni ya Johannesburg kwanza, mumsikie Makeba katika Back of the Moon, halafu mfuate ya London na mjisikilizie wenyewe ni nini kilichobadilika. Mchezo wenyewe ulirudishwa jukwaani Cape Town mwaka 2017 katika ukumbi wa Fugard. Makala za 1957 hazipatikani kirahisi mtandaoni, ila wanahistoria wa muziki wa Afrika Kusini wamezinukuu sana, na aliye karibu na maktaba ya chuo kikuu yenye matoleo ya zamani ya Drum aombe ya kuanzia Juni hadi Agosti mwaka huo.